Kadi Saba Zenye Upande Mmoja

Kwa miezi minne vitu viwili vilikuwa vimemnyamazia Baba Pacha: upande wa kulia wa kila kadi ya sauti aliyoigusa, na mke wake. Kuhusu kadi alikuwa na maelezo, na ukimpa nafasi angekumwagia yote bila kupumua. Kuhusu mke hakuwa na hata neno moja. Mama Pacha alikuwa amehamia chumba walicholala binti zao pacha kabla ya kuolewa, akisingizia kwamba mumewe anakoroma, na sasa begi lake la kahawia lilisimama nyuma ya mlango wa chumba hicho, limejaa na kufungwa zipu. Jumamosi angekwenda kwa mmoja wa wale pacha. Alipoulizwa atakaa siku ngapi, alijibu, "Nikichoka kukaa nitajua." Mwanamke akishakujibu hivyo, ujue anaondoka kweli.

Mtu mwenye akili timamu angeweka vifaa chini, akaketi na mkewe, akamuuliza kosa lake ni nini. Baba Pacha, kwa kichwa alichojaliwa, aliingia karakana na kuwasha chuma cha kulehemu.

Karakana ilikuwa chumba kimoja ubavuni mwa nyumba. Meza ndefu ilikaa katikati, imejaa madoa ya kuungua, na kompyuta za zamani zilipandana mpaka dirishani, zile nene ambazo zilizaliwa nyeupe na sasa zina rangi ya meno ya mvuta sigara. Waliomletea walikuwa watu wazima waliotaka kucheza tena michezo ya ujana wao, na walitaka milio ile ile, mlipuko ule ule, muziki ule ule wa kukwaruza. Michezo hiyo siku hizi ipo hata kwenye simu, lakini wao husema sauti si yenyewe, na kwa hilo wana haki.

Kadi ya sauti ya zamani, kile kibao kinachoipa kompyuta sauti, haijitambulishi kwa mashine. Lazima uhamishe vijikofia vyake vya plastiki kwa kibano, kimoja kimoja, ili kuipa namba zake, kisha mchezo nao unakuuliza namba hizo hizo kabla ya kuanza. Ukikosea moja tu, au kadi mbili zikigombea namba moja, mashine inaganda, nawe unabaki unaitazama kama mtu aliyefungiwa mlango. Baba Pacha hakuwa akikosea namba. Ndiyo maana mtaani walimwita Fundi Kadi, na jina lilimvimbisha kichwa kidogo.

Alikuwa na sheria moja ya kazi. Kila kadi aliipima kwa hedifoni ile ile, ambayo kikombe chake cha kushoto alikitia tone la rangi nyekundu ya kucha, aliyomwomba mkewe enzi walipokuwa wakiombana vitu. Tone jekundu sikio la kushoto, siku zote, hata kama nyumba inaungua. Fundi anayevaa hedifoni ovyo ovyo, alisema, atafumua waya zote akidhani zimevuka. Na kweli, kwa miaka kumi na tisa sheria hiyo haikumwangusha.

Kadi ya kwanza ilipokosa upande wa kulia, hakushtuka. Kapasita, vile vimkebe vya kutunza umeme kwenye kadi, huzeeka. Alizing'oa, akalehemu mpya, akavaa hedifoni: kushoto muziki, kulia kimya. Ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu pia. Alilaumu uzee, akalaumu unyevu, kisha akampigia simu muuza vipuri na kumtolea maneno ambayo hayafai kurudiwa mbele za watu. Zilipofika kadi saba, akabuni dawa yake mwenyewe. Upande wa kulia aliupandisha mpaka mwisho, wa kushoto akaushusha karibu na sakafu, halafu akaongeza kikuza sauti kidogo kwenye waya wa kulia. Hapo alisikia kitu, kwa mbali, kama mtu anayezungumza ndani ya debe. "Inatosha," alisema, na wateja wakapewa mashine zao.

Jumatano asubuhi mmoja wao alirudi. Alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mzee mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara, na mashine yake alikuwa ameifunga kamba kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli.

"Fundi," alisema kabla hata ya salamu, "umenitengenezea au umenilipizia kisasi?"

"Mzee wangu, kuna nini tena?"

"Mchezo wangu wa ndege! Upande wa kulia unapiga kelele mpaka paka amehama nyumba. Upande wa kushoto, nukta, husikii kitu."

"Haiwezekani. Kulia ndiko kubovu. Nimeutia nguvu ili zilingane."

"Haya. Vaa usikie mwenyewe."

Baba Pacha akavaa, tone jekundu kushoto. Mzee alivuta kigoda akakaa upande wake wa kulia. Mchezo ukaanza, na ndege ya adui ikatokea kushoto, hafifu, ikasogea, ikafika katikati ya kichwa chake na kufifia, ikabaki ile sauti ya ndani ya debe. Alitabasamu kwa ujeuri wa mtu aliyethibitisha neno lake.

"Umeona? Inafia katikati."

"Ndege gani iliyofia katikati?" Mzee alikodoa macho. "Mimi sijavaa kitu, na naisikia hapa nilipokaa! Inanguruma kwenye kikombe chako hiki!"

"Mzee, mimi ndiye fundi."

Hapo dereva mstaafu akaishiwa subira. Alinyoosha mikono yake mikubwa, akaivua ile hedifoni kichwani mwa fundi, akaigeuza, akamvisha tena kwa nguvu.

Sauti yote ambayo Baba Pacha aliirundika kulia kwa miezi minne iliingia katika sikio lake la kushoto kwa mkupuo mmoja. Alipiga ukelele. Kiti kilianguka, kibano kikaruka, naye akajikuta amesimama ukutani ameshika kichwa kwa mikono miwili, huku hedifoni ikiendelea kunguruma sakafuni. Mzee naye aliogopa, akasimama, akawa hajui amkamate au amkimbie.

Fundi mzuri hahitaji kuelezwa mara mbili. Kikombe kilikuwa kizima. Waya ulikuwa mzima. Alishusha sauti, akaiokota hedifoni, akaivaa vile ilivyogeuzwa. Ndege ikatokea, na safari hii ilianza katika kimya, ikafika katikati, ikaja wazi kabisa kushoto. Akaigeuza tena. Akaigeuza tena. Kimya hakikutoka upande wake, kilibaki pale pale kulia, ndani ya kichwa chake mwenyewe. Aliivua hedifoni, akaiweka mezani.

"Kadi ni nzima," alisema.

"Si ndivyo nilivyokwambia?"

"Zote saba ni nzima, mzee. Hazijawahi kuharibika. Ni mimi."

Dereva mstaafu alisogea karibu. Alimshika bega tu. "Pole, mwanangu," alisema, na alisema taratibu, jambo ambalo majirani hawangeliamini.

Kesho yake, Alhamisi, Baba Pacha alikaa mbele ya mtaalamu wa masikio, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alimpigia uma wa chuma unaovuma karibu na kila sikio, akamfungia chumbani na vidude vya kulia piipii, akaandika, akavua miwani.

"Neva ya sikio la kulia imekufa," alisema. "Imekuwa ikidhoofika labda miaka miwili, na mwaka huu imekwisha kabisa. Hilo halirudi. Kelele kubwa ya kulia unaisikia kwa mbali kwa sababu inavuka fuvu mpaka sikio la kushoto. La kushoto ni zima, tulilinde."

"Mbona sikujua?"

"Simu unaishika sikio gani?"

"Kushoto."

"Na kazini unainamisha kichwa peke yako. Ungejuaje?" Alifunga faili. "Kwa kawaida mke ndiye hugundua. Yeye hakulalamika kwamba akisema nawe humjibu?"

Baba Pacha aliinuka. Alitembea mpaka nyumbani bila kuona barabara.

Mama Pacha alikuwa sebuleni akikunja shuka. Aliposikia habari, shuka lilimtoka mikononi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne alimtazama mumewe usoni.

"Tangu lini?"

"Wanasema mwaka huu limekwisha kabisa."

Mama Pacha alimpita, akaenda moja kwa moja karakana, naye akamfuata. Alisimama mlangoni, akatazama meza, akatazama kiti, kisha akasogea hatua tatu na kusimama mahali fulani kando ya kiti.

"Kaa," alisema. "Inama kama unavyoinamaga."

Akakaa, akainama. Mkewe alikuwa upande wake wa kulia. Kitambo kilipita, naye akainua kichwa kuona kama bado yupo, akamkuta ameziba mdomo kwa kiganja, machozi yakimtiririka.

"Nimesema kitu sasa hivi," alisema Mama Pacha. "Hukusikia."

"Umesema nini?"

"Nilichokwambia siku ile. Nilisimama hapa hapa. Nilikwambia wameniona uvimbe kwenye titi, watanipasua Jumatatu, na naomba unisindikize. Ukasema 'mmh'. Ukaendelea kulehemu."

Baba Pacha aliweka viganja mezani. Alikumbuka kwamba siku zile mkewe alikwenda kwa dada yake wiki nzima. Alikumbuka alivyomwambia amsalimie huyo dada. "Wamekupasua?" aliuliza. "Wamekupasua, mimi nikiwa hapa?"

"Dada ndiye alinishika mkono."

"Na uvimbe? Ulikuwa mbaya?"

"Haukuwa mbaya. Lakini majibu yalichukua siku kumi na moja, Baba Pacha. Siku saba nilikuwa kwa dada. Nne nilikuwa humu ndani, na kila nikipita mlango huu nakuona unapuliza moshi wa risasi ya kulehemu. Nilisema, huyu anajua, na hajali. Nikamaliza."

Baba Pacha alitaka kusema hakusikia, lakini hilo mke alikuwa ameshalijua, na halikupunguza hata siku moja katika zile kumi na moja. Aliinamisha uso juu ya meza akalia kwa kwikwi, mtu mzima, mbele ya kadi zake. Mkewe alimwacha alie. Kisha akazunguka kiti, akaja upande wa kushoto, akafungua vifungo viwili vya blauzi.

Kovu lilikuwa fupi, kama kucha ya kidole gumba, limeshapona. Alilitazama kwa muda mrefu bila kuthubutu kuligusa.

"Jumamosi siendi," alisema Mama Pacha, akifunga vifungo. "Jumapili bado sijaamua."