Kanuni Aliyoifuta Lorna

Kwa miaka kumi na minne Lorna Vandehey alifanya kazi katika ofisi za supamaketi moja mjini Green Bay, mji wa baridi kali kando ya ghuba. Kazi yake ilikuwa kuiwekea kompyuta kanuni: mteja yupi atumiwe ofa za aina gani kwenye simu. Mwenye paka apate za paka, mwenye mtoto apate za nepi.

Kanuni moja aliiweka kimyakimya. Mteja aliyezoea kununua pombe, kisha akaacha kwa miezi mitatu, asitumiwe tena ofa yoyote ya pombe. Sababu ilikuwa Duane, mdogo wake, fundi bomba, aliyekuwa na miezi kumi na moja bila kugusa brandi.

Novemba bosi wake, Gary Prochnow, akaiona.

"Lorna, wateja elfu tisa umewafungia nje?"

"Hao wameacha kunywa, Gary."

"Umejuaje? Labda wamehamia kwa jirani. Hapa ni dukani, bibie, si kanisani. Toa."

Angeweza kubisha. Angeweza kumzuilia ofa Duane peke yake, kazi ya dakika moja; lakini kufungua taarifa za ndugu kulikatazwa, na watu walishafukuzwa kwa hilo. Akaogopa. Akaifuta kanuni kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi asubuhi Duane akapiga simu huku anacheka.

"Dada, duka lenu linanipenda! 'Duane, tumekukosa sana.' Brandi nusu bei. Hata yule mke wangu hajawahi kunibembeleza hivi."

"Ifute. Sasa hivi, nakusikiliza."

"Nishafuta, dada. Punguza presha."

Hakuwa ameifuta. Jumanne alikutwa amekufa kwa baridi ndani ya gari lake kando ya ghuba, mafuta yameisha, barafu imetanda kwenye vioo kwa ndani. Chupa mbili zilikuwa miguuni pake.

Baada ya mazishi Lorna alisimama mbele ya meza ya Prochnow. "Ndugu yangu alikuwa kwenye wale elfu tisa."

Prochnow akainuka kitini. "Pole sana, Lorna. Kwa kweli pole. Lakini tusubiri mauzo ya Krismasi yapite, ndipo tuliongelee."

Hakusubiri. Alirudi kwenye kiti chake akairudisha kanuni bila ruhusa ya mtu. Ilidumu siku nne. Siku ya tano mlinzi alimsindikiza hadi nje, na vitu vyake ndani ya boksi la ndizi.

Sasa anapakua chakula katika jiko la shule ya msingi. Jumapili humtembelea mama yao, Arlene, ambaye bado anawalaani wenzake Duane wa kazini, kwamba ndio waliomrudisha kwenye chupa.

"Wauaji wale," mama husema.

Lorna humkatia nyama vipande vidogo, maana meno yamemwisha, na ile ofa ya simu hajamtajia hadi leo.