Barafu ya Mama Maxine

Kabla friji ile haijaja, barafu tuliyoijua sisi wa Sosiot, huku Kericho, ni ile inayoanguka kutoka juu na kuchana majani ya chai mpaka shamba linabaki vijiti. Watoto huiokota wakaila, wakubwa huilaani. Kwa hivyo siku Mama Maxine alipotuita jikoni kwake, akabonyeza kidude mlangoni mwa friji na vipande vya barafu vikadondoka kwenye glasi kwa kelele, tulibaki tumesimama tukitazama. Mimi nilimwomba abonyeze tena.

Jina lake ni Jerusa. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai, yeye akazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, akaolewa na Eliakim wa kiwandani, na mzee alipostaafu wakanunua ploti hapa, wakawa majirani zangu. Ni mhudumu wa afya ya jamii, mwaka wa tisa huu. Huvaa fulana yake, hubeba begi lake mgongoni, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza kama maji ya kunywa yamechemshwa. Mimi aliwahi kufunua mtungi wangu, akapitisha kidole ndani, akaniinulia kile kidole kikiwa na utelezi. Nilimchukia wiki nzima, lakini mtungi niliusugua. Hakuna anayefurahi kumwona mlangoni, na hakuna asiyemkimbilia mtoto akianza kuhara. Nalisema hili mapema kwa sababu yanayofuata hayampendezi.

Friji ilinunuliwa na Maxine, bintiye aliye Nairobi. Fundi Kipkurui ndiye aliyevuta paipu kutoka tangi la maji ya mvua mpaka nyuma ya friji, akamweleza Jerusa namna ya kuitunza: chujio la maji libadilishwe kila miezi sita, droo ya barafu itolewe kila mwezi, imwagwe yote na kuoshwa. Akaandika tarehe ya kubadilisha chujio kwenye kipande cha karatasi ya gundi, akakibandika ndani ya mlango. Jerusa aliitikia kila neno. Kitabu cha maelezo alikiweka kabatini kikiwa bado kwenye nailoni yake, na droo ile hakuitoa hata siku moja.

Mwezi mmoja baadaye tulikuwa na mkutano wa afya uwanjani pa kanisa. Jerusa alikuwa amemaliza kufundisha juu ya kuchemsha maji, ndipo Priscillah akanyoosha mkono. Priscillah, au Mama Chege, alihamia hapa kutoka Londiani na huuza juisi na matunda karibu na stendi. Aliuliza, "Na barafu je, mwalimu? Nayo inachemshwa?" Watu walicheka. Jerusa alisubiri kicheko kiishe, akajibu kwamba baridi huua vijidudu sawasawa na moto, tusiwe na wasiwasi. Priscillah aliketi. Sisi tulipiga makofi, nami nilipiga kwa nguvu.

Ikapita miaka miwili. Februari iliyofuata jua lilituchoma kama si Kericho, tangi likapungua mpaka maji yakawa ya chini kabisa, na kanisa likaandaa sikukuu ya watoto. Priscillah alileta ndoo mbili za juisi ya maembe. Jerusa alileta beseni zima la barafu, akaigawa kwa mkono wake, glasi kwa glasi, akiwa na furaha ya mtu aliyejaliwa.

Kesho yake watu kumi na mmoja walikuwa wanahara na kutapika, wengi wao watoto. Wawili walitundikiwa maji kwenye zahanati. Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe. Jerusa alizunguka nyumba zote bila kula, akaandika majina kwenye daftari lake, na kila mlango aliopiga hodi uliitaja juisi. Hata mimi niliitaja.

Siku ya soko alivaa fulana yake, akabeba begi, akaenda kibandani kwa Priscillah saa ambayo watu wamejaa. Akafundisha. Alimwonyesha jinsi ya kunawa mikono, jinsi ya kuchemsha maji, jinsi ya kufunika ndoo, pole pole kama anayemfundisha mtoto wa chekechea, na wateja wote wanasikiliza. Priscillah alisema mara moja tu, "Mimi huchemsha, Mama Maxine." Jerusa akajibu kwamba kila mtu husema hivyo. Nilikuwa hapo na glasi yangu mkononi. Niliirudisha mezani ikiwa imejaa, nikaondoka, na wengine wakanifuata.

Kuanzia siku hiyo kibanda kikakosa watu. Maembe yalikuwa yanaiva juu ya meza mpaka yanaanza kuvuta nzi, na jioni Priscillah anayarudisha nyumbani.

Wiki ya tatu stima ilipotea siku mbili. Haya Jerusa alinisimulia mwenyewe baadaye, ameinamisha kichwa. Barafu iliyeyuka, maji yakatiririka mpaka sakafuni, na jikoni kukawa na harufu ya kitambaa cha kudekia kilichosahauliwa ndooni. Akaitoa ile droo kwa mara ya kwanza. Chini yake kulikuwa na utelezi mweusi uliojaa kila kona, na kwenye mdomo wa paipu, pale maji yanapoingilia, kitu kama kamasi kilikuwa kinaning'inia. Alifungua chujio. Lilipaswa kuwa jeupe, lakini rangi yake ilikuwa ya chai ya strungi, isiyo na maziwa. Tarehe ya Kipkurui kwenye ile karatasi ilikuwa imepita kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Akafanya alichoambiwa tangu mwanzo. Alichomoa friji ukutani, akafunga maji, akalowesha droo kwenye maji ya vuguvugu na siki, akachukua mswaki mkuukuu na kusugua mdomo wa paipu mpaka vidole vikauma. Aliosha, akasuuza, akaosha tena. Akapiga simu aletewe chujio jipya, na stima iliporudi alimwaga barafu ya siku tatu za kwanza bila kuionja. Eliakim alipomuuliza kulikoni, alisema anafanya usafi tu.

Kisha akafungua daftari. Alisoma yale majina kumi na moja, moja baada ya jingine, na kila jina akaukumbuka mkono wa mtu huyo ukimletea glasi. Wote walikuwa wamechukua barafu. Mzee Alfayo, ambaye meno yake hayavumilii baridi, alikunywa glasi nne za juisi tupu na hakuumwa tumbo hata dakika moja. Jambo hilo lilikuwa kwenye daftari lake, kwa mwandiko wake, tangu siku ya kwanza. Nyani haoni kundule. Anasema alisikia uso ukimwaka akiwa peke yake jikoni, akajifunika na leso kana kwamba kuna mtu anamtazama.

Na bado alinyamaza, Jumapili mbili nzima. Alijiambia friji sasa ni safi, hakuna atakayeugua tena, maneno yatamsaidia nani. Alijiambia pia kwamba watu wakijua, nani atamfungulia mlango? Akawa akifika karibu na stendi anavuka barabara, apite upande ule mwingine. Jioni moja alimwona Priscillah akimwaga maembe kwenye shimo la takataka, debe zima, na hapo akarudi nyumbani kulitafuta chujio la zamani.

Kesho yake alasiri alikwenda nyumbani kwa Priscillah, amelifunga lile chujio la zamani kwenye gazeti. Hakukubali kuketi. Alilifungua mezani, akaeleza yote, akaomba msamaha. Priscillah aliliangalia chujio, hakuligusa.

"Mimi nilijua kitambo, Mama Maxine," alisema. "Mzee Alfayo alipita hapa siku ya tatu akiwa mzima, nikajua ni barafu. Nilikuwa nangoja nione kama utakuja."

Jerusa alimuuliza kwa nini hakusema.

"Ningemwambia nani? Wewe ndiye mwalimu."

Jerusa anasema bora angemtukana. Alisimama pale akilia, na Priscillah akamwacha alie, kisha akamwambia kwamba kusamehe amesamehe, lakini msamaha wa hapa ndani hautarudisha mteja hata mmoja. "Pale uliponivua nguo ndipo utanivika. Siku ya soko, na hiyo fulana yako."

Siku ya soko akaja. Nilimwona kwa mbali na fulana yake na begi lake, nikadhani anakuja kumwongezea Mama Chege somo jingine, nikasogea nisikie. Mdomo wangu huu haushibi umbea. Alisimama kando ya meza, akainua lile chujio juu kila mtu alione. Alisema watoto waliumizwa na barafu yake, si juisi. Alisema friji yake aliwaonyesha watu lakini hakuiosha. Alisema amelijua hilo tangu wiki mbili zilizopita na akanyamaza, huku Mama Chege akimwaga maembe. Mwanamke mmoja ambaye mwanawe alitundikiwa maji alimtazama, akageuka, akaenda zake, na Jerusa hakujaribu kumwita. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Nilidhani imekwisha. Ndipo Priscillah, aliyekuwa akikata embe wakati huo wote, akaweka kisu chini.

"Na barafu je, mwalimu?" aliuliza, taratibu, kama alivyouliza ile siku ya mkutano. Safari hii hakuna aliyecheka.

Jerusa alilishusha chujio, akamgeukia.

"Baridi haiui, Mama Chege. Vijidudu hulala tu, barafu ikiyeyuka vinaamka. Siku ile sikujua jibu, na niliona aibu kusema sijui mbele ya watu."

Priscillah aliitikia kwa kichwa. Akamimina glasi ya juisi, bila barafu, akampa Jerusa, naye akainywa pale pale machozi yakimtiririka. Nilisogea mezani nikaomba ya pili. Mama Chege alinitambua. Alinitazama kwa muda mrefu, mimi niliyeirudisha glasi yake ikiwa imejaa, kabla hajachukua ile ndoo na kunimiminia.