Jeneza la Bei ya Punguzo

Kutoka Voi hadi Ilford nilitumia miaka sita. Nilianza kwa kuuza viatu Kampala, nikavuka hadi Juba kupika kwenye kambi ya wajenzi, kisha nikaenda Doha kulinda mlango wa jengo ambalo sikuwahi kupanda hata ghorofa yake moja. Kila nilipofika nilianza kupakumbuka nilikotoka, na nikishapakumbuka sana, nilihama.

Doha alikufa mwenzangu wa chumba. Tulingoja zamu iishe ndipo twende kumuaga. Tulipofika alikuwa ameshafungwa ndani ya sanduku na kupelekwa uwanja wa ndege. Sikuuona uso wake. Ndege ya London ilipopaa nilikuwa bado namwona kila nikifumba macho, amekaa ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo, anavaa soksi.

London nilipata kazi ya kusafisha uwanja wa mpira Wembley baada ya mechi, na chumba Ilford nilichogawana na mzee mmoja Mtaita. Hatukuwa ndugu wa damu, lakini alisema hawezi kulala chumba kimoja na mtu asiye na la kumwita. Akawa Mjomba, nikawa Mpwa.

Mwaka wa tatu Mjomba akaanguka bafuni. Hospitali walisema kifua, wakasema moyo, mwishowe daktari akanivuta kando akaniambia niwaite watu wake. Nilimpigia binti yake nyumbani. Kusafirisha mwili hadi nyumbani hakungewezekana kwa gharama yake, sote wawili tulijua. Alilia, kisha akasema, "Kaka, nakuomba kitu kimoja tu. Wasimchome. Mzike." Nikamwahidi.

Sikutaka kuchelewa tena. Nikiwa kwenye basi la kazini nilipata kwenye simu ghala moja nje ya mji lililouza majeneza yaliyobaki: mitindo ya zamani, yenye mikwaruzo, yaliyorudishwa. Picha zilipangwa kama za duka la viti. Moja lilikuwa nusu bei kwa sababu ya mkwaruzo ubavuni. Waliuliza urefu wa marehemu. Mjomba alikuwa kitandani na mipira puani, ningempimaje? Lakini tulikuwa tukiazimana suruali. Niliporudi chumbani nikalala chali sakafuni, nikaweka kiatu kwenye visigino na Biblia yake juu ya utosi, nikapima katikati.

Siku hiyohiyo nilishuka dukani pale barabarani, duka la vitu rahisi, nikanunua kitambaa cheupe, maua ya plastiki na utepe mweusi. Dada wa kwenye malipo akauliza, "Una harusi?"

"Kitu kama hicho," nikasema.

Nilidhani jeneza lingengoja ghalani hadi nitoe habari. Alhamisi asubuhi wanaume wawili waliliteremsha mlangoni.

"Pole sana, bosi," dereva akasema. "Marehemu yuko ndani?"

"Hajafa."

Akamtazama mwenzake. "Basi wewe ni mtu wa mipango. Saini hapa."

Chumba cha chini aliishi mama mmoja wa Bukavu aliyefanya kazi ya kuhudumia wazee. Alitoka na kanga kichwani akasimama mbele ya lile jeneza.

"Nani amekufa?"

"Bado, Mama."

"Bado? Na sanduku imefika? Kwetu sanduku haiingie mu nyumba bila mwenyewe. Itakaa inangoja." Alirudi ndani, akatoka na mkungu mdogo wa ndizi mbichi. "Tia hii ndani. Isikae bure."

Nilikuwa nimesikia kuwa huko magharibi mwa Kenya watu huzika mgomba mahali pa mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Sikubishana. Nikalaza ndizi juu ya kitambaa cheupe, nikafunika.

Jumamosi hospitali walipiga simu. Mjomba ameamka, anaitisha chai, anagombana na wauguzi. Jumatatu atarudi.

Ghala halikupokea tena bidhaa za punguzo. Nikalisukuma jeneza ukutani nyuma ya kitanda changu, nikalitupia blanketi. Siku ya pili Mjomba akanusa.

"Mpwa, ndizi zinaiva wapi humu?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshafunua. Akacheka hadi akakohoa. "Umeninunulia la sale! Tena lenye mkwaruzo!"

"Mjomba, daktari alisema..."

"Daktari hakununua sanduku. Ulinipimaje nami niko hospitali?"

Nikamweleza. Kicheko kikakatika.

"Ulijilaza ukajipima wewe?"

"Si tunalingana."

"Tunalingana wapi? Suruali zako nazikunja pindo mara mbili." Kweli alikunja, nilimwona kila asubuhi. Akarudisha blanketi polepole. "Hili si langu, Mpwa."

Tangu hapo mgonjwa ndiye aliyemlinda mzima. Nikisinzia mchana ananitikisa. Nikikohoa anatazama ukutani. Aliniuliza nimekula nini, nimevuka barabara wapi. Na mimi nilianza kumwona yule wa Doha, sasa amekaa juu ya kifuniko, anavaa soksi.

Majuma kadhaa yakapita. Kisha Mama wa chini akapanda kutuambia kanisani kwao amekufa mtu, mfagiaji asiye na ndugu. Kaburi limepatikana, sanduku hakuna.

Mjomba aliniwahi. "Alikuwa mrefu kiasi gani?"

Mama akaninyooshea kidevu. "Kama huyu."

Tukawapa jeneza, maua na utepe. Kabla ya kufunga walituacha tupite mmoja mmoja kumtazama. Safari hii sikuchelewa, nikauona uso, na ulikuwa uso wa mtu nisiyemjua, wa umri wangu, aliyeenea humo bila kubaki nafasi. Makaburini Mjomba alinishika mkono wa koti tangu mwanzo hadi mwisho, kama mtu anavyomshika mfiwa. Udongo ulipoanza kuanguka akaninong'oneza, "Sasa nenda zako."

"Ilford?"

"Nyumbani. Limepata mtu, lakini lilikuja kwa urefu wako. Sitaki nikuzike huku."

"Na wewe atakuzika nani?"

"Mama ana kanisa. Umeona wanavyozika."

Nilibishana naye siku tatu. Ya nne nikakata tiketi. Binti yake sikumwambia.

Siku niliyoondoka London kwa mara ya mwisho, Mjomba alinibebea mfuko hadi kituoni ingawa alikatazwa kubeba. Alikuwa anahema. Mama alikuwa amemshika kiwiko.

"Nitapiga simu nikifika," nikasema.

"Piga. Nisipopokea, mpigie Mama. Yeye atakuwa anajua."

Nikaingia kwenye treni. Milango ikajifunga, na kupitia kioo nilimwona Mama akimgeuza taratibu kumwelekeza kwenye ngazi.