Mnyama Aliyekula Kabla ya Mama

Nilikuwa bado mtoto, ndiyo kwanza naanza kusoma, pale mkono wangu wa kulia ulipopewa kazi ambayo hakuna mtu mzima nyumbani kwetu aliyeruhusiwa kuifanya: kutia chumvi katika chakula cha mama.

Tulikaa Kolwezi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, enzi za Zaïre. Mama alikuwa ameota kivimbe kwenye titi. Madaktari walikikata, kisha wakaanza kumpa dawa kali ya mshipani, siku moja hospitalini, majuma kadhaa nyumbani, halafu tena. Nilipokuwa mkubwa nilielewa kwamba ile ilikuwa saratani. Wakati huo neno hilo halikutamkwa kwetu. Bibi yangu, mama mzaa mama, ambaye sisi wenye asili ya Kasai tulimwita Kaku, alisema tu kwamba mnyama ameingia katika mwili wa binti yake.

“Banakata kichwa,” alituambia aliporudi kutoka kumwona hospitalini. “Mukia ungali mule.”

Kaku alihamia kwetu kumwuguza, na alikuja na sheria zake. Chakula cha mgonjwa kilipikwa peke yake, kwenye sufuria yake ndogo na babula yake, lile jiko la makaa tunalolijua sote. Kilichobaki hakikulala mpaka kesho. Chakula cha majirani kilipokelewa kwa shukrani nyingi, kikaliwa na sisi watoto. Na chumvi ilitiwa na mtoto tu. Mtu mzima mwenye ndoa, alisema Kaku, ana moto wa unyumba mkononi. Aliye ndani ya dawa kali ni baridi. Moto ukimfikia kwa njia ya chumvi, anakauka kama jani. Sijui kama sheria hiyo aliibeba kutoka Kasai au aliiokota hapa Katanga kwa majirani zake Wabemba. Aliishika kama amri ya kanisani. Hata huo mkono wa mtoto ulikuwa na masharti: mtoto akiwa na hasira au akilia, mkono unapata moto, na chakula kinaharibika.

Kwa hiyo kila Kaku aliponiita, aliniita kwa sauti ya asali. “Ngalula, mutoto muzuri, kuja tia chumvi.” Ndugu zangu walipigwa makofi kwa makosa madogo kuliko yangu. Mimi nilikuwa mtukufu.

Lakini sheria nyingine ilikuwa nzito kuliko zote. Mayai, samaki, nyama na karanga vilikuwa mwiko. Mnyama anavipenda, alisema Kaku, naye ndiye anayekula kwanza. Mama anapata masalio. Ukimnyima mnyama, atachoka, ataondoka. Basi mama alipewa uji wa unga na maji, na siku nyingine mchuzi mwepesi wa majani.

Hata huo hakuumaliza. Dawa ilimwacha na kichefuchefu na vidonda mdomoni. Sombe, yaani kisamvu, ikipikwa kwa jirani, harufu ya mawese ilimtoa kitandani mpaka nyuma ya nyumba. Alisema kila kitu kina ladha ya shaba. Tata, baba yangu, ambaye alirudi kutoka kazini kila siku na vumbi la mgodi kwenye viatu, alianza kuviacha mbali na mlango, kana kwamba ladha ile ilitoka kwake. Mikono ya mama ikawa myembamba hata saa yake ikateleza mpaka kwenye kiwiko.

Siku ya kurudi hospitalini kwa dawa, niliwasindikiza mama na Kaku. Muuguzi aliyempima alikuwa Mama Ilunga, mwanamke mnene mwenye kucheka kwa urahisi. Siku ile hakucheka. Alitazama mzani, akatazama karatasi, akamgeukia Kaku.

“Mama, huyu anakula nini?”

“Anakula uji.”

“Uji ya nini?”

“Ya bunga na mai.”

“Na ndani yake?”

“Ndani kuko nini tena? Uji.”

Mama Ilunga alivuta kiti akaketi, magoti yake karibu kugusa ya bibi yangu. “Sikia, mama. Hii dawa ni kali, inaomba mwili yenye nguvu. Leo dokta hatamutia. Amesema mumulishe kwanza, mumurudishe juma inayokuja. Kilo ikishuka tena, hatuna njia.” Akaeleza taratibu, kama mtu anayefundisha watoto kuhesabu. Yai lililoiva vizuri. Karanga za kutwanga ndani ya uji. Samaki wa ziwa la Nzilo, atolewe miiba. Kidogo kidogo, mara nyingi, asisubiri njaa maana njaa haitakuja. Kama harufu inamsumbua, chakula kipoe kwanza. Kama mdomo una ladha ya chuma, atumie kijiko cha mti. “Na chakula ya kulala, hapana.”

“Ile ya mwisho njo naijua,” alisema Kaku.

“Bamunganga banasoma bitabu,” Kaku alisema njiani. “Munyama hasomaka.” Mama alitembea kati yetu, na nilisikia pumzi yake ikigonga kama mtu anayepanda mlima, ingawa njia ilikuwa tambarare.

Neno moja tu lilibaki kichwani mwangu: hatuna njia. Nilijua maana yake. Kwenye mtaa wetu, watu ambao madaktari walisema hawana njia kwao, wimbo wao wa matanga ulikuwa ukiimbwa uwanjani usiku kucha, na wanawake wakilala kwenye mikeka.

Kesho yake mchana Kaku alipika uji uleule. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka, kivulini pa ukuta. “Ngalula, mutoto muzuri, kuja tia chumvi.”

Nilichota chumvi nikafunga kiganja. Kikakataa kufunguka.

“Tia, mutoto.”

“Sitii.”

“Unasema nini?”

“Sitii mpaka yai iingie.”

Kaku alifumbua mdomo kunipigia kelele, akakumbuka sheria yake, akaufumba. Uso wake ulikuwa wa chui, sauti ikabaki ya asali. “Mutoto muzuri. Mutoto ya mama. Usikasirike. Tia chumvi, uji inapoa.”

Kutoka kwenye mkeka tukasikia sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwa muda mrefu. Mama alikuwa anacheka, kwa shida, ameshika ubavu wenye kovu. “Umemufundisha weye mwenyewe, mama,” alisema.

“Mi sikumufundisha kunifunga kamba! Ngalula, munyama atakula ile yai.”

“Anakula kwanza, mbele ya mama?”

“Anakula mbele.”

“Sawa na Tonton wa Fungurume?”

Tonton alikuwa mjomba wetu, mtoto wa mwisho wa Kaku, dereva wa lori. Akifika kwetu alikula bukari, ugali wetu, kabla ya watu wote, akala kiasi cha watu wote.

“Usitukane mujomba yako,” alisema Kaku, kwa asali.

“Tonton akikuja, unapunguza bukari?”

“Napunguza namna gani? Si atamaliza yote, batoto balale njaa? Naongeza bun—”

Mwiko wake ukabaki hewani. Makaa yalilia. Sikuwa nimekusudia kumshinda. Nilikuwa nauliza tu, kama mtoto anavyouliza, na machozi yalikuwa karibu. Kaku alinitazama, akamtazama binti yake pale mkekani, mwembamba kama fimbo ya kuanikia nguo. Kisha alifanya kitu ambacho sijakisahau. Aliinama juu ya tumbo la mama akasema, kwa ukali wote aliokuwa ameninyima mimi: “Wewe munyama, sikia. Leo napikia babili. Kula yako, ushibe, ulale. Ukigusa ya mutoto yangu, tutaonana.”

Akaenda kwenye banda la kuku mwenyewe.

Yai lilipigwa likaingia kwenye uji unaochemka, likapikwa mpaka likaiva kabisa, pamoja na karanga alizotwanga huku akinung’unika. Nilitia chumvi, kidogo sana, kwa sababu ya vidonda. Mama alikula vijiko vichache, kwa kijiko cha mti, uji ukiwa umepoa. Sote tulitazama koo lake. Uji ukabaki tumboni. Jua lilipogeuka aliamka akauliza kama kuna kilichobaki, na Kaku, aliyekuwa amemwaga masalio kwa mujibu wa sheria, aliwasha babula upya.

Haikuwa safari laini. Siku nyingine alitapika yote. Siku nyingine alitaka tu maji yenye ndimu, na siku moja alimkataa samaki mzuri wa Nzilo akaomba ndizi. Kaku alijifunza kutomlazimisha, akisogeza sahani, akiondoa, akirudisha. Juma lile lilipokwisha, Mama Ilunga alitazama mzani muda mrefu, kisha akacheka kwa sauti hadi wagonjwa wengine wakageuka. “Kilo imepanda! Kidogo, lakini imepanda. Mupelekeni ndani.” Tata, aliyekuwa amebadilishana zamu ili aje, aligeukia ukuta akajifuta uso kwa kofia yake ya kazi.

Dawa zikaisha, miezi ikapita. Mama Ilunga alisema asirudi kwenye uji mtupu kwa sababu tu amepona: maharagwe, majani, matunda, samaki, na atembee. Ladha ilirudi polepole, kama umeme unavyorudi nyumba moja baada ya nyingine. Nilijua imerudi siku ile mama alipotazama sahani yake akauliza kwa hasira kamili, “Nani amekula kichwa ya samaki yangu?” Kaku alitoka nje haraka, kitambaa cha kichwani kikiwa mdomoni, na sikujua kama analia au anacheka. Nafikiri hata yeye hakujua.

Nimefundisha watoto sehemu kubwa ya maisha yangu. Nimeona kwamba mtu hatolewi katika imani yake kwa kusukumwa. Anatafuta mlango uliomo ndani ya nyumba hiyohiyo, na akiupata anatoka kwa miguu yake. Sijapata kumwambia mtu wa familia yetu kwamba mnyama hakuwepo. Kaku alikwenda kaburini akiamini kwamba alimlisha mnyama huyo mpaka akachoka kula. Mimi naamini dawa ilifanya kazi, na kwamba ilihitaji kuukuta mwili ulioshiba. Tulikaa miaka mingi tukila pamoja bila kubishana juu ya hilo. Mama alikuwa mezani, akiomba aongezewe.