Mikoba Iliyongoja Upepo Mkavu

Wiki ile ya dhoruba, jirani yangu wa mtaa wa Sanyuanli huku ughaibuni, mama wa Kiunguja, alijaza sebule mikoba ya ngozi aliyonunua soko la Shiling. Wakala wa mizigo alitaka maboksi yafungwe upesi, kwani kontena lingeondoka kesho yake jioni.

“Nikifunga na unyevu huu, Dar watapokea ukungu,” alisema.

“Utabiri unasema kesho mkoa mzima utatulia,” nilimwambia.

“Na jana ulisema hivyohivyo, mwanangu!”

Hata hivyo alingoja. Asubuhi mbingu zilitakata, upepo mkavu ukaingia. Tulitoa karatasi tumboni mwa kila mkoba, tukaitundika mikoba yote kwenye kamba za nguo hadi ngazini. Wapangaji walipita wakiinama. Alasiri yule mama akanusa mkoba mmoja, haukunuka unyevu, akacheka. “Haya, lete seloteipu.”