Wajumbe Wametua Khartoum

Salehe wa Katoro aliwahi kuzikwa hai, akatoka. Duara, yaani shimo alimokuwa akichimba dhahabu, lilititia likamfunika pamoja na matimba, yale magogo ya kuzuia udongo. Akakaa gizani akifuata alichofundishwa na waliomtangulia: usihangaike, kaa ulipo, gonga gogo, ngoja. Huko juu kazi ilisimama machimbo yote. Hakuna mchimbaji anayeendelea kutafuta riziki yake wakati mwenzake yuko chini ya kifusi. Hata waliokuwa na ugomvi naye walikuja na ndoo na kamba. Tangu hapo Salehe aliamini kwamba binadamu akisikia mtu anagonga, atakuja. Imani hiyo ilimponza.

Mwanawe, Abdulwahab, alikuwa akisomea udaktari Khartoum. Mwaka 2019 Wasudani walipiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi, rais wao akang'oka, majenerali wakashika usukani. Vijana wakagoma kuondoka mpaka utawala urudi kwa raia. Abdulwahab akaenda kukaa nao, akiwafunga vidonda waliopigwa. Chuo kilipofungwa na Watanzania wenzake wakaanza kufungasha, alimpigia baba yake kumwuliza arudi au abaki.

Chiku, mama yake, alitaka mtoto arudi hata kwa miguu. Alilia, akasema mambo ya Sudan yana wenyewe. Salehe akambembeleza. Kila siku baada ya kufuturu alikuwa akibandika redio sikioni: Ulaya ina wasiwasi, Umoja wa Afrika umetoa muda, Umoja wa Mataifa umetoa wito. Kisha ikatangazwa kwamba wajumbe wametua Khartoum. Kwa Salehe, mambo yalikuwa yamekwisha. Watu wameshafika kwenye mdomo wa duara. Nani tena afike pale ageuze arudi kwake?

Jamani, angejuaje? Angejuaje kwamba wapo watu wanaosikia gogo likigongwa, wakaja, wakaketi kwenye kiyoyozi, wakasema wamesikitishwa, wakapanda ndege yao? Na matajiri wa ng'ambo ya Bahari ya Shamu wakawaahidi majenerali mabilioni. Kamba zilikuwepo, ila walirushiwa waliosimama juu ya kifusi.

“Tulia hapohapo ulipo, mwanangu,” Salehe alisema kwenye simu. “Dunia nzima imesikia. Watakuja.”

“Sawa, baba.”

Mwishoni mwa Ramadhani, kabla hakujapambazuka vizuri, askari waliivamia kambi kwa risasi. Intaneti ikazimwa. Redio ikasema maiti zinaopolewa katika Mto Nile, ikasema dunia imelaani. Salehe alingoja neno jingine lifuate hapo. Zikafuata habari za michezo.

Idi ilipita hawakupika chochote. Baadaye ndipo alipopiga simu kijana mmoja wa Kahama aliyekuwa akisoma na Abdulwahab. Aliamkia kwa adabu, shikamoo baba, kisha akasema wamekwisha kumzika mwenzake kulekule. Akaeleza kwamba usiku ule zilienea habari kuwa askari wanakuja, na wengi wakaondoka. Yeye alimvuta Abdulwahab mkono.

“Alikataa, baba,” akasema. “Alisema wewe umemwambia watakuja.”

Salehe alimshukuru kijana wa watu, akamwombea safari njema ya kurudi. Alitamani Mungu angemwacha tu kwenye lile duara.

Chiku alikuwa amesimama mlangoni, kanga kaibana mdomoni. Alikuwa amekwisha kuelewa. Alitaka jambo moja tu: mtoto aliacha neno gani?

“Mtandao ulikatika kabla hajamaliza,” Salehe alisema.

Mpaka leo simu ikiita, Chiku huikimbilia yeye wa kwanza, akidhani ni yule kijana wa Kahama anataka kumalizia. Namba ya kijana huyo, Salehe aliifuta siku ileile.