Wapiga Samasoti wa Endasak, Katesh na Basotu

Nilifunga safari kwa sababu ya ubishi. Jirani yangu hapa Mbulu alisema ardhi yetu inaotesha wakimbiaji tu. Mtu wa jimnastiki huwezi kumpata huku kwetu, maana baridi inakaza viungo. Nikamwambia nitakwenda kuangalia. Nilibeba daftari, sweta na viazi vya kuchemsha.

Alhamisi, saa saba mchana, nilishuka Endasak kwa kupitia Babati. Bodaboda ilinipandisha katikati ya mahindi hadi kwa Yohana, fundi wa kuezeka. Yohana hakufundishwa na mtu. Paa la kwanza alianguka akatua kwa mgongo, la pili kwa makalio, la tatu akajipinda hewani akatua kwa miguu, nyundo mkononi. Tangu hapo hushuka kwa samasoti.

"Ngazi huna?" nikamuuliza.

"Ninayo. Ila wateja wakiniona nashuka kwa ngazi wanasema nimezeeka."

Jioni nilikuwa Katesh kwa Mwalimu Restituta. Yeye aliingia jimnastiki chuoni, siku ambayo sare za netiboli ziliisha kabla ya kumfikia. "Tuliobaki tukaambiwa twende kwenye mikeka," alisema. Sasa anafundisha watoto juu ya magodoro ya bweni. Alikuwa amebakiza nafasi moja katika kundi linalokwenda kufanya mazoezi Babati wakati wa likizo, na kesho yake angempima binti mmoja Basotu. "Twende wote, kaka. Utashika saa."

Ijumaa, saa nne asubuhi, tulifika Basotu. Ester ana miaka kumi na miwili na huchunga ndama wa babu yake. Ndama wakianza kuelekea kwenye ngano ya watu, yeye hutembea kwa mikono. Wote husimama kumshangaa. Hiyo ndiyo shule yake.

Kipimo kilikuwa kusimama kwa mikono dakika nzima. Akishuka mapema, nafasi inakwenda kwa mtoto wa Katesh. Mama yake akatutahadharisha: "Hata akiweza, ruhusa ni ya Babu. Na Babu anaangalia heshima."

Ester akaweka mikono chini, miguu ikapanda juu. Nikabonyeza simu. Sekunde ya ishirini, Babu akatokea zizini na fimbo yake na kofia.

Kwao mtoto humsalimia mkubwa kwa kuinamisha kichwa, na mkubwa huweka kiganja juu yake. Babu akanyoosha kiganja kama kawaida, kikakutana na kisigino.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, Babu. Shikamoo."

Babu akazitazama nyayo. "Kichwa kiko wapi?"

"Kiko huku chini, Babu."

"Simama unisalimie."

Ester hakushuka. Miguu ikaanza kutetemeka.

"Shikamoo, mzee," Mwalimu akaingilia haraka. "Zimebaki sekunde kumi na tano. Akishuka sasa, Babati anakwenda mwingine."

Babu akafikiri. Kisha akanipa fimbo, akavua kofia, akapiga goti moja, halafu la pili, halafu kiwiko, mpaka shavu likakaribia vumbi. Akanyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye kichwa cha mjukuu wake. Miguu ya Ester ikalala upande wa kushoto. Mama akafumba macho.

"Marahaba," Babu akasema kutoka chini.

Miguu ikanyooka tena. Sitini.

Ester alishuka. Babu hakuinuka. Ilibidi tumshike watatu, Mwalimu akimwelekeza apumue taratibu kama anavyowaelekeza wanafunzi wake.

"Aende," Babu akasema akijikung'uta. "Lakini huko wamfundishe kushuka upesi akiona mtu mzima."

"Tutamfundisha, mzee," Mwalimu akajibu. "Na wewe tukufundishe kuinuka."

"Mimi nimemaliza masomo leo."

Jumamosi nilirudi kwa basi la Haydom, nimekaa na gunia la vitunguu mapajani. Nilikwenda kutafuta watu wenye viungo laini, nikawapata. Ila kiungo kilichopinda kwa shida kuliko vyote ni mgongo wa Babu, na ndicho kilichompeleka Ester Babati.